Nimezamisha gari la shemeji mita 400 kutoka nyumbani

Shikamoo Mjomba,

Naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanigombeza, maana wa kunigombeza ninao tayari.

Nina fremu ndogo ya vifaa vya umeme Kariakoo. Naishi Boko, upande wa Basihaya, nimepanga na mke wangu na mtoto wetu wa miaka mitatu. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu tumbo moja, alipata kazi ya miezi miwili Mwanza, akaniachia gari lake, IST nyeupe. Aliniambia litembee tu, lisilale likaharibika, nami nililiosha kila Jumapili kama la kwangu.

Siku hiyo mvua ilianza alfajiri na haikupumzika. Saa kumi jioni mke wangu akanipigia: maji yamevuka kizingiti. Nikafunga fremu saa kumi na moja. Nikapita Daraja la Tanzanite, nikashika Ali Hassan Mwinyi, Mwenge, barabara ya Bagamoyo. Kutoka Mwenge mpaka Tegeta nilitumia karibu saa tatu. Pale Africana maji yalikuwa yanagonga milango kwa nje, pikipiki zinasukumwa kwa mkono, lakini nikapita. Kila simu ya mke wangu ilinikuta mahali papya. "Mtoto nimempandisha juu ya meza." "Friji limeanza kuelea." Halafu simu yake ikawa haipatikani. Betri ilikuwa imeisha, lakini mimi ningejuaje?

Saa tatu na nusu usiku nikakata kuingia mtaani kwetu. Barabara ile ya udongo ina bonde moja lenye kalavati, ukipanda upande wa pili tu unaona bati la nyumba yetu. Noah moja ikapita mbele yangu, maji yakaishia katikati ya tairi. Nikasema, kama yule kapita, na mimi napita. Niko katikati ya bonde, Fuso likaja kutoka upande wa pili, halikupunguza hata kidogo. Wimbi lake lilipanda juu ya boneti likapiga kioo cha mbele. Gari likakohoa mara moja, likazima. Taa bado zinawaka.

Nikapiga stata. Mara ya kwanza ilizunguka kidogo ikakwama. Mara ya pili nikasikia "ko!", kama mtu kapiga nyundo chini ya miguu yangu. Mara ya tatu ikawa "tik" basi. Wakati huo maji yameshafika kwenye kiti.

Wakaja vijana na kamba, wakataka 50,000, tukaelewana 30,000. Wakalisukuma hadi kwenye kibanda cha chipsi, na liko hapo mpaka leo, siku ya tisa. Nikarudi bondeni kwa miguu, maji kifuani, mkoba kichwani. Nyumbani nilimkuta mke wangu amesimama juu ya kiti amembeba mtoto, na unga wa sembe ameufunga kwenye kanga shingoni. Hatukusema kitu. Alinipa mtoto, akashuka, akaanza kucheka, halafu akalia.

Sasa shida zangu. Fundi wa mtaani alifungua boneti, akachungulia, akasema injini imekufa, nitafute milioni mbili na laki tatu aniletee ya mtumba. Gari lina bima ndogo tu, ile isiyolipa gari lenyewe. Shemeji nimemwambia kwa simu kwamba "limeingia maji kidogo, linakaushwa." Habari ya stata sijamwambia, hata mke wangu hajui. Jirani yangu wa dukani anasema ana mtu wa kutukatia bima kubwa, tusubiri wiki mbili halafu tuseme limezama juzi. Shemeji anarudi mwisho wa mwezi. Mke wangu analala akilia, anasema asingenipigia haya yasingetokea, na anataka kuhamia kwao Goba. Ndani kunanuka, ukuta una ukungu, godoro tunalianika jua likitoka.

Nianze na lipi?

Mpwa wako, Boko

*

Marahaba mpwa wangu.

Nitaanza na ile "ko", kwa sababu barua yako yote imejificha nyuma yake.

Injini huvuta hewa, ikaibana, ndipo ikawasha. Hewa inakubali kubanwa. Maji hayakubali. Wimbi la Fuso lilipopanda, mdomo wa kuvuta hewa, ambao kwenye magari madogo mengi uko chini tu ya ukingo wa boneti, ulimeza maji yakashuka mpaka kwenye silinda. Gari likazima. Kuna injini nyingi huzima hivyo zikiwa bado nzima: ukifungua plagi maji yakatoka, ukabadilisha oili na eya klina, zinaamka. Kinachozimaliza ni ufunguo. Stata inailazimisha pistoni ipande, juu kuna maji, hayabanwi, kwa hiyo kinachokubali ni chuma. Konrodi, fimbo ya chuma inayoisukuma pistoni, inapinda. Mara ya kwanza ilikwama, hiyo ilikuwa injini inakuomba uache. Mara ya pili ndiyo uliyoisikia kwa miguu.

Simaanishi nina uhakika. Inawezekana konrodi ilipinda palepale wimbi lilipoingia, injini ikiwa inazunguka, na hakuna fundi atakayekuapia ni lipi kati ya hayo mawili. Lakini mlio ulitoka mkono wako ukiwa kwenye ufunguo, na wewe unajua, ndiyo maana umeniandikia mimi na si fundi.

Nikwambie yangu. Mvua za Desemba 2011, zile zilizoua watu zaidi ya 40 hapa Dar, zilinikuta na gereji bonde la Msimbazi. Magari ya wateja yalilala ndani ya maji usiku mzima. Maji yalipotoka nilianza kuyashughulikia moja moja kama inavyotakiwa, plagi nje kwanza. Lilipofika la nne nikachoka, au nilijiona mjuzi, nikaingia nikapiga stata. Ko. Nilimwambia mwenye gari mafuriko yameua injini. Akalipa. Waliohamishwa bondeni tukapewa viwanja Mabwepande, na yule mzee naye akajenga huko huko. Tunasali msikiti mmoja. Akinitambulisha kwa wageni husema, huyu ndiye fundi mwaminifu.

Kwa hiyo mpigie shemeji yako. Mpigie wewe, usimtume dada yake, maana gari umeachiwa wewe. Na umpigie kabla hajarudi, ili hasira yake ya kwanza iishie Mwanza. Mwambie ulivyoniambia mimi: bonde, Noah, Fuso, limezima, nimepiga stata mara tatu, mara ya pili limegonga. Usianze na habari ya mtoto juu ya meza. Ataijua, na itamuingia zaidi akiisikia kwa mtu mwingine. Usimwambie pia kwamba bima ndogo ilikuwa uamuzi wake, hata kama ni kweli. Wazee wanasema nguo ya kuazima haisitiri matako, na wewe sasa hivi umesimama barazani bila nguo. Tulia tu, sema.

Gharama ni yako. Labda atakwambia tugawane, na mimi nadhani atasema hivyo, lakini hilo litoke kwake. Wewe nenda na pendekezo: kiasi gani unacho leo, kiasi gani kila mwezi kutoka kwenye fremu, na fundi mtamchagua pamoja.

Ya bima kubwa sahau kabisa. Bima inakatwa kwa jina la mwenye kadi ya gari, kwa hiyo atakayesaini madai ya uongo ni shemeji yako, siyo wewe wala huyo jirani mwenye mtu wake. Umezamisha gari lake, sasa unataka kumpa na kesi ya jinai? Isitoshe kampuni nyingi hulikagua gari na kulipiga picha kabla ya kulikatia bima kubwa, na hilo lako lina mstari wa tope kwenye viti. Siku mtakapokata ya halali, ulizeni kwa mdomo na msome kwa macho kama mafuriko yamo. Kuna bima kubwa ambazo mafuriko huongezwa kwa malipo ya ziada, na watu hugundua hivyo wakiwa wamelowa.

Turudi kwa fundi wako aliyechungulia akatoa hesabu. Injini haipimwi kwa kuchungulia. Tafuta mwingine, usimwambie alichosema wa kwanza, na uwepo akifanya kazi. Kwanza avute kijiti cha oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yamo, na hapo injini isizungushwe kabla haijamwagwa. Atoe plagi zote nne. Aizungushe kwa mkono, spana kwenye puli ya chini, taratibu. Maji yatatoka kwenye matundu ya plagi. Ikizunguka mizunguko miwili kamili bila kukwama, una matumaini, ndipo apime kompresheni, yaani nguvu ya kubana hewa, silinda moja moja. Silinda moja ikiwa chini kuliko wenzake, au pistoni yake haifiki juu inapofika ya jirani, hiyo huenda ndiyo konrodi iliyopinda. Hapo anaweza kufungua na kubadilisha konrodi na vinavyohusika, au mkanunua injini ya mtumba. Mara nyingi ya mtumba inatoka nafuu ukihesabu na ufundi, sikufichi. Lakini uilipie ukiwa umeona, siyo umeambiwa. Na namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo injini ikibadilishwa, chukua risiti na kadi irekebishwe TRA. Shemeji yako asije kukwama siku anauza.

Siku ya tisa, hilo ndilo linaloniuma. Maji yakikaa kwenye silinda yanaleta kutu, na kutu inakula hata kile ambacho ufunguo uliacha. Kama fundi hapatikani leo, angalau plagi zitoke, maji yatoke, na imwagiwe oili kidogo kila tundu.

Gia boksi nayo iangaliwe. Hydroliki yake ikiwa na rangi ya mtindi wa stroberi, imeingia maji, imwagwe, iwekwe mpya, litembee kidogo, imwagwe tena. Watu hutengeneza injini wakafurahi, miezi mitatu baadaye gia zinateleza wanalaumu injini ya mtumba. Na viti vitoke vyote. Siyo kufungua milango lipigwe jua, vitoke. Chini ya kapeti kuna sponji nene inayoshika maji wiki nyingi, na chini ya sponji zinapita waya na soketi zake, na katikati pale karibu na gia ndipo huwa kontroli ya eabegi, ule mfuko wa hewa wa kukinga kwenye ajali. Wauza magari wa mtaani wanajua kukausha kapeti juu juu na kupulizia manukato. Wewe hufanyi hivyo kwa ndugu.

Sasa nyumba, ambayo kwa haki ndiyo ningeanza nayo.

Mke wako ana haki kuhusu Goba. Mpeleke yeye na mtoto leo, mpaka nyumba ikauke. Siyo kuhama, ni kukaa kwao wiki mbili. Maji yaliyoingia kwako yamepita kwenye makaro ya mtaa mzima, hayakuwa maji ya mvua tu. Godoro la sponji lililolala ndani yake litupe, mpwa wangu. Najua bei ya godoro. Ukilianika linakauka ngozi, ndani linabaki na kilichoingia, na mtoto wa miaka mitatu analala amefungua mdomo. Nguo zinafulika, vyombo vinaoshwa kwa maji ya moto na sabuni kisha klorini. Maji ya kisima msinywe wala kupigia mswaki bila kuchemsha, kwa muda mrefu kuliko mnavyodhani. Mtoto akiharisha maji maji, hospitali, usingoje kesho, na njiani anywe maji ya chumvi na sukari ya pakiti.

Friji kama hujaliwasha, umefanya vizuri. Lisimame wima, likauke, fundi wa mafriji aangalie mota na waya kwanza. Wewe unauza vifaa vya umeme, sitakufundisha kuhusu soketi zilizolowa, ila mita ya LUKU usiifungue mwenyewe, hiyo waite TANESCO. Ukutani usipake rangi kuficha ukungu. Kwangua, osha, fungua madirisha, ngoja. Tofali za bloku hunywa maji kama kitumbua kwenye chai, na ukipiga plasta juu ya ukuta uliolowa, masika ijayo inadondoka yote. Hiyo mwachie mwenye nyumba, lakini ukuta upige picha akiwa anaona.

Vyeti na karatasi za mkataba kama zililowa, zitenganishe moja moja, zikaushe kivulini zikiwa zimelala. Usizipige pasi. Na viatu vikung'uteni kabla ya kuvaa. Mafuriko yakiondoka huwa yanaacha tandu.

Kuhusu machozi ya usiku: mkeo anajibebesha simu aliyopiga kwa sababu hajui habari ya stata. Ukimwambia, utamtua mzigo usio wake. Mwambie yeye kwanza, kisha mpigie kaka yake akiwa amekaa pembeni yako. Mama kumwita baba wa mtoto maji yakiingia ndani siyo kosa, ndiyo simu yenyewe hiyo.

Uliniomba nikusikilize mpaka mwisho kabla ya kukugombeza. Nimekusikiliza, sasa nisikilize mimi. Umevuka Africana umevuka Tegeta kwa uangalifu, ukaja kuzama palipobaki mita 400. Watu wengi huzama hapo hapo, karibu na bati lao, kwa sababu macho yameshafika nyumbani. Noah iko juu kuliko IST, haikuwa kipimo chako. Kipimo ni maji yamefika wapi kwenye gari lako, na usiku huoni kama kalavati bado lipo. Maji yanayotembea, ya kufika magotini tu, yanaweza kulisogeza gari dogo kutoka barabarani. Aprili 2024 kule Arusha basi dogo la shule liliingia kwenye maji ya korongo, na watoto wakafa. Mwezi huo huo Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba mvua zimeua watu 155 nchi nzima. Ungeliacha gari juu ya bonde, ukavuka na vijana wale wenye kamba wakiwa wamekushika, ungefika kwa mkeo dakika ileile uliyofika, na 30,000 ileile. Kifuani, peke yako, gizani, na mkoba kichwani! Mkoba ulikuwa na nini?

Likikukuta tena, na Boko litakukuta, pita katikati ya barabara palipoinuka, gia nzito, mwendo wa mtu anayetembea, usiachie mafuta katikati ya maji, na usiingie mpaka la mbele yako limetoka upande wa pili. Ukitoka, gusa breki mara kadhaa zikauke. Likizima ndani ya maji, ufunguo uuchomoe, uutie mfukoni, ushuke.

Haya, kaa na mkeo, mpigie shemeji. Ukimaliza chukua spana namba kumi, nenda kwenye kibanda cha chipsi, ufungue waya wa hasi wa betri. Siku tisa umeme unatembea kwenye soketi zilizolowa, na hakuna aliyekwambia uufungue.